Dodoso linasema wanaupenda mfumo, mbona hawaingii?

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja cha kati hapa Moshi, nafundisha ngazi ya stashahada. Chuo chetu kinatumia Moodle, mfumo wa kujifunzia mtandaoni. Kila somo lina ukurasa wake, na agizo la Taaluma ni kwamba nusu ya alama za kazi za muhula zitokane na kazi zinazofanyika kwenye mfumo.

Darasa langu lina wanafunzi 140. Nimewawekea kila kitu: notisi za mada zote, slaidi, video za vipindi nilizorekodi mwenyewe, mazoezi, hata sehemu ya majadiliano. Siku za kawaida wanaoingia ni wa kuhesabu. Ikifika siku ya mwisho ya kukusanya kazi, usiku wanaingia wote kwa mpigo, mfumo unakwama, na asubuhi nakuta foleni mlangoni: mara umeme ulikatika, mara bando liliisha, mara "nilituma Mwalimu, labda haikufika". Haohao nawaona wako hewani WhatsApp saa sita usiku.

Sasa Mkuu wa Taaluma ameniomba ripoti ya mtazamo wa wanafunzi kuhusu kujifunza mtandaoni. Nilitengeneza dodoso la Google Forms, kiungo nikakiweka kwenye ukurasa wa somo. Maswali kumi, kuanzia "sikubali kabisa" mpaka "nakubali kabisa". Wamejibu 58, na wastani umetoka 4.3 kati ya 5. Yaani wanaupenda! Mtu anayeupenda mfumo kiasi hicho anashindwaje kuufungua?

Naomba mnisaidie. Je, ni uvivu tu? Nikitoa alama mbili za kuingia kila wiki, watabadilika? Na ripoti niiandikeje, maana nikiandika 4.3 najua si kweli, na nikiandika ninachokiona nitaambiwa nimewasingizia watoto wa watu. Tena muhula ujao wanakwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wengi vijijini huko Rombo, Mwika na Kibosho, na mkuu anataka waendelee na mazoezi ya mtandaoni wakiwa hukohuko.

Mkufunzi, Moshi

Mkufunzi, tuanze na hiyo 4.3, maana ndiyo iliyokuvuruga.

Kiungo cha dodoso ulikiweka ndani ya mfumo, na asiyeingia kwenye mfumo hakukiona. Waliojibu, wale 58, ni wenye nywila inayofungua na bando la kubakiza. Wale 82 ambao ndio hasa ulitaka habari zao hawamo. Ni kama kusimama getini kwenu saa mbili asubuhi ukawauliza waliokwisha kufika kama usafiri ni wa shida. Halafu kuna suala la jina. Google Forms ukiiruhusu ikusanye barua pepe, mwanafunzi anajua jibu lake linakwenda kwa mtu anayemsahihishia mtihani. Hapo unapewa heshima, hupewi maoni. Na kama maswali yote kumi yameelekea upande mmoja, mfumo ni mzuri, mfumo unafaa, mfumo unanisaidia, mwenye haraka atateremka na "nakubali" hadi chini bila kusoma la pili. Kagua pia kama umebandika mambo mawili kwenye sentensi moja, mathalani "Mfumo ni rahisi na unanisaidia kuelewa somo". Anayeona ni rahisi lakini haumsaidii chochote aweke alama wapi?

Maswali ya namna hiyo mengi yana asili yake kwenye kazi ya Fred Davis ya mwaka 1989, ambayo wanaoandika tasnifu za mambo ya TEHAMA wanaifahamu vizuri. Davis alisema mtu huipokea teknolojia kwa kuangalia mambo mawili: kama ina faida kwa kazi yake, na kama ni rahisi kuitumia. Kazi ni nzuri, ila angalia aliwauliza akina nani: wafanyakazi wa IBM huko Toronto, na wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara wa Chuo Kikuu cha Boston. Mfanyakazi wa IBM hakuwa ananunua bando la siku ndipo afungue barua pepe ya ofisini. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, walitoa muundo mpana zaidi wenye mambo mengine mawili: watu wanaomzunguka mtumiaji wanasemaje, na mazingira ya kumwezesha yakoje, yaani kifaa, msaada na miundombinu. Darasa lako limekwama kwenye hilo la mwisho. Mwanafunzi anaweza kuamini kwa dhati kwamba mfumo una faida, akakupa 5, na bado asiufungue wiki nzima. Wala hakudanganyi.

Kwa hiyo acha kwanza habari ya uvivu. Wavivu wapo, kila darasa lina wake, lakini uvivu hauwezi kuwa maelezo ya darasa zima.

Anza na kumbukumbu za mfumo wenyewe, kabla hujaandika swali lolote jipya. Orodha ya washiriki wa somo ina safu inayoonyesha mara ya mwisho kila mmoja kuingia. Bonyeza kichwa cha safu hiyo orodha ijipange. Ukilinganisha na kumbukumbu za kina, utaona watu wa aina tatu: wasiowahi kuingia hata mara moja, wanaoingia siku ya kukusanya tu, na wanaoingia kila wiki kwa dakika chache, wakapakua faili na kutoka. Kila kundi lina ugonjwa wake, na ukiwachanganya kwenye wastani mmoja hutauona hata mmoja.

Hilo kundi la tatu lisikudanganye. Kwenye madarasa mengi CR, yaani mwakilishi wa darasa, anapakua notisi, anaziweka kwenye grupu, na dakika kumi baadaye madesa yamewafikia wote. Kumbukumbu zitakuonyesha msomaji mmoja kumbe wamesoma mia. Kuingia kidogo si sawa na kusoma kidogo, na ripoti yako lazima iseme hivyo.

Ukifungua kumbukumbu za kina utakuta safu ya chanzo. "Web" maana yake ameingia kwa kivinjari. "Ws" maana yake ametumia programu ya Moodle ya simu. Kama "ws" hazipo kabisa, ama hawajui kwamba programu hiyo ipo, ama msimamizi wa mfumo hajaruhusu huduma za simu kwenye mipangilio. La pili linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na linarekebishwa kwa kuweka tiki moja tu. Utaona pia anwani za IP, yaani namba zinazoonyesha mtu ameingilia muunganisho gani wa mtandao, na hapa uwe mwangalifu: ukikuta wanafunzi kumi wametuma kazi kutoka anwani moja, usiwaite kwa udanganyifu. Kampuni za simu huwatoa wateja wengi kupitia anwani moja ya nje, kwa hiyo mtu wa Pasua na mtu wa Rau wasiofahamiana wanaweza kuonekana kama wamekaa meza moja.

Sasa wale wasiowahi kuingia. Kwa kawaida sababu ni jina la kuingilia na nywila, basi. Namba za usajili za vyuo vyetu zina mikwaju (/), na Moodle kwa mipangilio yake ya kawaida haikubali mkwaju kwenye jina la mtumiaji. Msimamizi anaweka nukta au kistari badala yake, halafu tangazo linasema "tumia namba yako ya usajili". Mwanafunzi anaandika namba kama ilivyo kwenye kitambulisho, inakataa, anajaribu tena, inakataa, mwishowe anakata tamaa. Akiomba nywila mpya, kiungo cha kuiweka kinatumwa kwenye barua pepe aliyojazia fomu ya kujiunga, na barua pepe hiyo alifunguliwa na kijana wa steshenari wakati wa kuomba chuo. Nywila yake haijui, pengine hata anwani yenyewe haikumbuki. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza mtazamo wake kuhusu kujifunza mtandaoni, atakupa mtazamo wake kuhusu skrini ya kuingilia, maana ndiyo pekee anayoifahamu.

Dawa yake ni kipindi kimoja cha maabara, si tangazo. Wagawe 140 katika makundi ya 25 hivi, kila kundi dakika 40, msimamizi wa mfumo awepo au akupe uwezo wa kubadilisha nywila papo hapo. Kila mmoja aingie, abadilishe nywila, aweke barua pepe anayoifungua kwenye simu yake leo, kisha atoke na kuingia tena bila kusaidiwa. Hiyo mara ya pili ndiyo kipimo. Halafu asakinishe programu ya Moodle kwenye simu kwa Wi-Fi ya chuo, aandike anwani ya mfumo wenu, afungue somo lako na apakue mada moja ikae ndani ya simu. Azime data, aifungue. Asiondoke mtu kabla hajaiona mada inafunguka bila mtandao.

Tuje kwenye bando, na hapa tutakaa kidogo.

Unasema unawaona hewani WhatsApp saa sita usiku. Ni kweli wako hewani, lakini angalia wamejiunga na nini. Yako mabando ya mitandao ya kijamii, ya bei ndogo, yanayofungua WhatsApp na Instagram na kuishia hapo. Mfumo wa chuo haumo. Anayekuambia hana bando huku anakutumia ujumbe WhatsApp anasema kweli kwa maneno hayohayo.

Sasa pima mzigo uliowatwisha. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde, ambayo wala si ya ubora wa kutisha, inakula hivi: 500 mara sekunde 3,600, gawanya kwa 8, unapata MB 225 kwa saa moja. Somo la saa tatu kwa wiki ni MB 675. Kama ana masomo sita na wakufunzi wote wana ari kama yako, ni GB 4 kwa wiki. Chukua bei ya bando analonunua mwanafunzi, lile la siku au la wiki, usichukue la ofisini, uzidishe mwenyewe. Utajua kwa nini video zako hazina watazamaji, na utajua kwamba hawakuzidharau.

Sauti peke yake, kilobiti 32 kwa sekunde, mono (njia moja ya sauti), ni MB 14.4 kwa saa, na maneno ya mtu mmoja yanasikika vizuri kabisa. Ukiambatanisha slaidi za MB 3, kipindi kizima kinabaki chini ya sehemu ya kumi ya video. Programu ya kurekodi kwenye simu mara nyingi imewekwa kilobiti 128 au zaidi. Ingia kwenye mipangilio, shusha ubora, chagua mono. Video ulizokwisha kurekodi usizitupe: programu ya VLC ina sehemu ya kubadilisha faili, chagua itoe sauti tu, uweke kilobiti 32 na njia moja ya sauti. Kisha kata vipande vya dakika 8. Kipande kimoja kitakuwa karibu MB 2, na mtandao ukikatika katikati atakuwa amepoteza MB 2, si 200. Video bakiza pale ambapo jicho lazima lione, mfano kufunga kifaa au kujaza daftari la hesabu, na isizidi dakika tano.

Notisi nazo zina mtego wake. Kurasa 40 zilizopigwa picha kwa simu, kila picha MB 3 au 4, zinatengeneza faili la zaidi ya MB 100, halafu mtu anashangaa halifunguki. Chapa upya kama unaweza. Kama huwezi, skani kwa nyeusi na nyeupe, nukta 150 hadi 200 kwa inchi. Kwenye slaidi, tumia amri ya kubana picha kabla ya kuhifadhi kama PDF. Jiwekee kikomo: mada moja isizidi MB 5, na andika ukubwa wa faili kwenye jina lake, "Mada ya 3, MB 2". Mwenye MB 50 zilizobaki anataka kujua kabla hajagusa.

Foleni yako ya mlangoni asubuhi nayo si yote visingizio. Yule wa "nilituma Mwalimu, labda haikufika" mara nyingi alipakia kweli. Moodle ina mpangilio unaomtaka mwanafunzi, baada ya kupakia faili, abonyeze kitufe cha pili cha kuthibitisha kwamba anakabidhi. Asipobonyeza, kazi inabaki rasimu. Yeye ameona jina la faili kwenye skrini, amelala. Nenda kwenye mipangilio ya kazi uondoe sharti hilo, na utashangaa wangapi wanapona. Wengine wamepiga picha karatasi tano za daftari, MB 4 kila moja, jumla 20, na kikomo chenu labda ni 5. Mwambie msimamizi akuonyeshe kikomo cha somo, cha mfumo, na viwili vya PHP (lugha ya programu inayoendesha Moodle) vilivyoko kwenye seva, "upload_max_filesize" na "post_max_size". Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala, kwa hiyo kuongeza kwenye somo peke yake hakusaidii. Na wafundishe kuskani kwa programu ya simu itoe PDF moja nyepesi, au waruhusu waandike jibu moja kwa moja kwenye kisanduku.

Saa nayo. Mfumo ukisema 6:00 PM na wewe ukatangaza kwenye grupu "mwisho saa sita", watakuwepo watakaoleta saa sita ya usiku, na wana haki. Andika "saa 12 jioni" na uweke na 18:00 pembeni. Hakikisha pia seva imewekwa majira ya Dar es Salaam. Ikiwa imeachwa kwenye majira ya dunia yasiyo na nyongeza (UTC), kila tarehe ya mwisho inasogea saa tatu, na utawasahihisha watu kwa muda ambao hukuukusudia.

Acha kabisa kuweka mwisho saa 5:59 usiku. Huo ndio muda ambao chuo kimefungwa, msimamizi amelala, na umeme ukikatika hakuna pa kukimbilia. Weka mwisho saa 10 jioni siku ya kazi, kisha tumia tarehe mbili ambazo Moodle inakupa: ya kukusanya, na ya kufunga kabisa, siku mbili baadaye. Anayechelewa katikati anaonekana amechelewa lakini kazi inapokelewa. Ni sera rahisi kuisimamia kuliko kusikiliza habari za TANESCO za mtu mmoja mmoja.

Kwa majaribio ya maswali, usiwaanzishe 140 dakika moja. Kuanza jaribio ni kazi nzito kwa seva kuliko kulijibu, maana ndipo inapochambua na kuandaa maswali ya kila mtu. Fungua dirisha la saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, weka muda wa dakika 30 kwa atakayeanza, chota maswali kwa bahati nasibu kutoka benki kubwa, weka maswali matano kwa ukurasa, na chagua jaribio lijikabidhi lenyewe muda ukiisha. Jaribio huhifadhi majibu lenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa kawaida dakika moja. Waambie hivyo: mtandao ukikatika asianze kulia, arudi, aendelee alipoishia.

Alama mbili za kuingia? Hapana, Mkufunzi. Ukinunua mibofyo utauziwa mibofyo. Ndani ya wiki mbili CR atakuwa na daftari la nywila za watu thelathini, anawaingizia wote akiwa amekaa gheto kwake, na kumbukumbu zako zitapendeza huku hazina maana tena. Ukitaka waingie, weka kitu wasichoweza kukipata kwenye grupu. Jaribio fupi la maswali matano kila wiki, lenye maelezo ya kwa nini jibu ni hili na si lile, na kati ya majaribio nane uhesabu sita bora, ili aliyekosa mtandao wiki moja asiadhibiwe. Maelezo hayo yaandike mara moja, yatakutumikia miaka. Kingine ni masahihisho: kazi irudi na maoni ndani ya wiki, ndani ya mfumo. Mwanafunzi aliyepakia kazi mbili na hakuona neno lolote likirudi hana sababu ya kuamini kwamba ndani kuna mtu.

Ile sehemu ya majadiliano uliyofungua, funga. Tunajua inapendeza kwenye ripoti, lakini "changia mada" hutoa sentensi 140 zinazofanana. Bakiza sehemu moja ya maswali kuhusu somo, na uijibu.

WhatsApp usipigane nayo. Ndiko darasa liliko, na kwa mwenye bando dogo ndiko pekee. Tangaza huko, weka faili nyepesi huko pia, ila alama, majaribio na masahihisho viwe kwenye mfumo tu. Ongea pia na wenzako wanaofundisha darasa hilo. Wakufunzi watano wenye kurasa tano zenye mpangilio tofauti wanamchosha mwanafunzi kuliko mtandao. Kubalianeni: juu kabisa wiki hii, chini yake notisi, sauti, jaribio, kazi, kwa utaratibu huohuo kila somo.

Baada ya hapo ndipo urudi kwenye dodoso. Karatasi, mwisho wa kipindi ambacho wengi wamehudhuria, bila jina wala namba ya usajili, kwa Kiswahili. CR akusanye kwenye bahasha wewe ukiwa nje. Sentensi 12 zinatosha, na nne ziwe zimegeuzwa, kama "Afadhali madesa ya karatasi kuliko kilichopo kwenye mfumo" au "Bando ninalotumia ni kubwa kuliko ninachojifunza". Wakati wa kujumlisha, hizo nne zigeuze kwa kutoa alama kutoka 6, kwa hiyo 5 inakuwa 1. Weka nyingine za mazingira: "Nikikwama kwenye mfumo, namjua wa kumuuliza siku hiyohiyo", "Simu ninayotumia ni yangu peke yangu". Lakini yenye thamani zaidi ni maswali ya matendo: wiki iliyopita uliingia mara ngapi, mara ya mwisho uliposhindwa, ulikwama wapi, kwenye nywila, bando, umeme, ukubwa wa faili, au hukujua pa kubonyeza. Kabla ya kuchapa nakala 140, wape watano wasome kwa sauti mbele yako waeleze wanavyoelewa kila sentensi. Utafuta mbili au tatu.

Liendeshe wiki ya tatu, kisha wiki ya 12, kwa maswali yaleyale. Kwenye ripoti usiandike wastani peke yake: watu wawili waliotoa 1 na wawili waliotoa 5 wanaleta wastani wa 3, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeusema. Onyesha wangapi walichagua nini. Kwa kuwa dodoso halina majina, swali la "uliingia mara ngapi" ndilo litakalokusaidia kuwagawa katika yale makundi matatu. Usijaribu kuoanisha karatasi na kumbukumbu za mtu mmoja mmoja kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani. Zile 4.3 ziweke kwenye ripoti kama zilivyo, na useme wazi kwamba zimetoka kwa 58 walioweza kuingia. Hapo hujamsingizia mtu.

Kuhusu fildi: mabonde ya mlimani yana sehemu ambazo mtandao haushiki, na kijana atapanda mpaka barabarani ndipo apate ishara. Mazoezi ya wakati huo yawe ya kufanyika nje ya mtandao. Jaribio la Moodle linaweza kupakuliwa kwenye programu ya simu, likajibiwa popote, likatumwa akipata mtandao, kwa masharti haya: mpangilio wa kuruhusu hivyo uwashwe kwenye jaribio, lisiwe na kikomo cha dakika, na maelezo ya majibu yatoke baada ya kukabidhi tu. Ukiweka dakika 30 kama la darasani, halipakuliki. Kwa hiyo tengeneza ya mazoezi, yasiyo na muda, na dirisha la wiki mbili. Msimamizi anaweza pia kuwasha uwezo wa kupakua maudhui ya somo zima kama faili moja. CR alipakue kwa Wi-Fi ya chuo kabla hawajatawanyika, wagawane kwa flashi au simu kwa simu. Wenye vitochi, na kwenye darasa la 140 hawakosekani, wapewe nakala ya karatasi na ruhusa ya kuleta kazi zao kwa mkono siku ya kurudi, bila kukatwa alama.

Haya mengine huwezi kuyafanya peke yako, kwa hiyo yaweke ukurasa wa kwanza wa ripoti kwa Mkuu wa Taaluma, kabla ya jedwali lolote la mtazamo: huduma za simu ziwashwe, vikomo vya faili vipandishwe, majira ya seva yakaguliwe, jina la kuingilia litangazwe kama lilivyo hasa kwenye mfumo, na maabara ibaki wazi mpaka saa 2 usiku siku mbili kabla ya kila tarehe ya kukusanya.